Tawakal Mbili, Naam Moja

Mlandege, Unguja
6 Juni 2004

Shoga yangu Zuleikha,

Barua hii nampa Ahmada akishamaliza kuuza samaki wake Darajani, kwa hiyo ikikufikia inanuka jodari usinilaumu mie. Ningekupigia ile simu ya ofisi yenu, lakini unanijua. Nikisikia amepokea mtu mwingine, sauti hunikauka, nakata. Kwenye karatasi mie ni mtu mwingine kabisa.

Programu ya zamu za vyombo vya umoja wenu imekwisha. Kaka Hashil, yule mtoto wa Ami Shamsi, ndugu wa baba, atakuja nayo Kizimkazi wiki hii, na nimesikia wewe ndiye utakayekaa kwenye kompyuta. Hongera! Basi ngoja nikueleze kazi yangu, maana humu ofisini hakuna anayeniuliza.

Asubuhi kila nahodha akifika pwani, utabonyeza kitufe chenye jina la chombo chake. Maana yake yupo. Kompyuta inapanga zamu za kupeleka wageni kuangalia pomboo kwa waliopo tu, asiyekuwapo hana zamu. Hiyo kaiandika Kaka Hashil. Mie nimeandika programu nyingine, ndogo, ambayo kazi yake ni kuijaribu hiyo kubwa. Inabonyeza vitufe yenyewe bila mkono wa mtu, kila kimoja, kila tukibadilisha kitu, halafu inatuambia kipi kimefanya kazi na kipi hakikufanya. Nimeipa jina Mwitaji.

Tabu ilikuwa moja: Mwitaji atakijuaje kitufe? Mwanzo nilimwambia, bonyeza cha tatu kutoka juu. Kikaongezwa chombo kipya, cha tatu kikawa cha nne, Mwitaji akagonga nyumba ya jirani. Nikamwambia, basi tafuta kilichoandikwa "Yupo". Kaka Hashil akageuza lugha kwa ajili ya wageni wa mradi, hao wanaoilipia kazi hii, maandishi yote yakawa Kiingereza, Mwitaji akasimama kama mgeni aliyepotea vichochoroni Mkunazini. Mwisho Kaka akanifundisha siri yenyewe. Kila kitufe kina jina la usoni, ambalo watu wanalisoma, na jina la ndani, ambalo ni programu tu inaliona. Kihamishe, kipake rangi nyengine, geuza lugha, jina la ndani liko pale pale. Sharti lake ni moja: vitufe viwili visiwe na jina moja la ndani. Sasa Mwitaji anaita kwa jina la ndani. Kitufe kikiitika, ripoti inaandika "Naam" kwa kijani. Kisipoitika, inaandika "Hayupo" kwa wekundu.

Hiyo "Naam" nimeitoa kwako. Unakumbuka Form One? Mwalimu anaita majina, mie nimeinama, naitika lakini sauti haifiki hata kwenye dawati. Naandikwa mtoro na huku nimekaa kiti cha mbele! Mpaka ukaanza kuniitikia wewe kutoka nyuma, kwa sauti ya pua, "Naam!" na mwalimu asijue. Sijawahi kukushukuru kwa mdomo. Nakushukuru hapa.

Na nikwambie la mwisho, usicheke. Kaka Hashil ameniahidi kwamba kwenye dirisha la "Kuhusu Programu" ataandika: Imejaribiwa na Basma Khalil. Jina langu, Zule. Baba hakutaka kabisa nije kukaa ofisini na wanaume. Kaka ndiye aliyemwambia, "Mwachie, Ami, huyu ana kichwa." Kwa neno lile ningemwandikia programu mia.

Wako asiye na sauti,
Basma

*

Kizimkazi Mkunguni
19 Juni 2004

Basma wee,

Barua yako ilinuka jodari na papa pia. Mama kaiweka juani kwanza ndo nikaisoma.

Mashine imefika. Kaka yako kaja na shati jeupe na miwani ya jua, wasichana wote wa Mkunguni wakapata haja ya kwenda kisimani. Akatufundisha siku mbili akaondoka. Sasa nakaa ofisini kama bibi mkubwa, nahodha mwenye mvi anapita mlangoni ananiambia, "Zuleikha mwanangu, nibonyeze." Nacheka mpaka mbavu zinaniuma.

Ila tumefanya jambo, na nataka ulijue. Unazijua fitina za zamu hapa. Kila msimu watu wanagombana: fulani kapendelewa, fulani kampa katibu samaki. Safari hii Katibu Bakar kawakusanya manahodha wote, wakakubaliana kuwa mashine ikishasema, hakuna ulimi wa mtu utakaoipinga mpaka msimu wishe. Wakasoma Fatiha. Wote, na baba yangu akiwamo. Na chombo kisichohudhuria mwezi mzima, kamati itakitoa kwenye umoja. Hilo nalo lilisomewa Fatiha.

Sasa swali langu. Baba hajapata zamu hata moja. Nikibonyeza kitufe chake hakigeuki kijani. Unajua kwetu kuna Tawakal mbili, Tawakal ya Jecha na Tawakal ya baba. Sisi wenyewe hatuzichanganyi, ya Jecha ya buluu, ya baba ya kijani, na hata mtoto mdogo anajua. Kwenye skrini ziko zote mbili, moja juu ya nyengine. Ya Jecha inafanya kazi. Ya baba naigonga kama mlango wa mtu aliyelala.

Muulize kaka yako. Mie siwezi kusema hapa, nitaambiwa nampendelea baba.

Shoga yako mwenye ofisi,
Zuleikha Machano

*

Mlandege
22 Juni 2004

Zule mpenzi,

Nimemuuliza siku ile ile. Na nilikuwa nalijua jambo hilo, nikwambie kweli. Kabla hajaja kwenu, Mwitaji aliandika wekundu mmoja katika ripoti nzima, na ulikuwa hapo hapo: *tawakal_machano, Hayupo*. Nikampelekea Kaka. Akasema, "Niachie mie." Asubuhi yake nilipofungua ripoti, yote kijani. Tawakal ya baba yako, Naam. Nilifurahi nikamnunulia Kaka juisi ya miwa.

Leo nimemwendesha Mwitaji tena mbele yake, mara tatu. Naam, Naam, Naam. Kaka anasema kama jaribio limepita, kosa haliwezi kuwa kwenye programu. Anasema huenda unabonyeza upesi upesi, au mausi imeingia mchanga, au unabonyeza pembeni. Bonyeza katikati, Zule, kwa utulivu, halafu uondoe kidole. Usikasirike. Mwitaji hana sababu ya kusema uongo.

Nsalimie baba, umpe shikamoo yangu.

Basma

*

Kizimkazi Mkunguni
8 Julai 2004

Basma,

Nimebonyeza katikati. Nimebonyeza kwa utulivu. Nimeifungua mausi nikaipuliza, nikaifuta na kanga ya mama. Nimebonyeza kabla ya jua na baada ya jua.

Mimi ndiye ninayembonyeza baba yangu kila asubuhi, unalielewa hilo? Anakuja, anasimama mlangoni. Nabonyeza. Anaiona skrini, anajua kuisoma rangi. Kisha anakwenda kukaa juu ya chombo chake, anawatazama wenzake wakipakia wageni. Watu wote wanamuona! Chombo kiko pale, cha kijani, futi ishirini na tano, si sindano. Lakini Katibu Bakar anasema, "Machano, macho yangu yanakuona, ila tulisoma Fatiha." Na baba anajibu, "Tulisoma." Basi.

Jana Jecha kamtania mbele ya wageni. "Machano, hata mashine imekuona mvivu!" Wakacheka. Baba kacheka nao. Usimuone mtu mzima akicheka hivyo, Basma, usiombe.

Na hiyo mashine yenu ina mapenzi na Jecha. Ijumaa iliyopita yuko kwa mkwewe Makunduchi, hajatia mguu pwani, na kompyuta imemhesabu yupo. Zamu yake ikatoka, hakuna chombo, wageni wakasimama kama nguzo. Huyo asiyekuwapo yupo, na aliyepo hayupo.

Sasa wanasema mie ndo kosa. Binti wa Machano hajui kubonyeza. Na wewe nawe umeniandikia hivyo hivyo, kwa mkono wako. Miaka minne tumekaa darasa moja.

Zuleikha

*

Mlandege
12 Julai 2004

Kaka Hashil,

Shikamoo. Natumai Dar umefika salama na kazi mpya si nzito. Nakuandikia kwa sababu kwa simu sitaweza, na barua hii anakuletea kijana mmoja wa boti.

Zuleikha kaniandikia kuwa Jecha alihesabiwa yupo siku ambayo hakuwapo. Sentensi hiyo ilinikaa kichwani kama mwiba wa samaki. Nikafungua programu, nikaangalia majina ya ndani. Vitufe vyote viwili vya Tawakal vina jina moja, *tawakal_jecha*. Ulikinakili cha Jecha ili upate cha Machano, ukabadilisha sura tu, jina la ndani ukaliacha. Kwa hiyo ukimbonyeza Machano anahudhuria Jecha. Hilo ni kosa, na kila mtu hukosa, na ndiyo Mwitaji alikuwa akililia.

Lakini Mwitaji nimemwandika mwenyewe, Kaka. Naijua mistari yake kama navyojua ngazi za nyumbani kwetu. Pale palipokuwa *ita tawakal_machano*, sasa pameandikwa *ita tawakal_jecha*. Anamwita Jecha mara mbili, Jecha anaitika mara mbili, na ripoti inaandika Machano, Naam.

Mie sikuandika hivyo. Na funguo ya ofisi tunayo wawili.

Niambie kuna jambo sikulielewa. Nitakuamini.

Mdogo wako,
Basma

*

Dar es Salaam
19 Julai 2004

Mdogo wangu Basma,

Marahaba. Umekua, naona. Barua yako imeandikwa kama ya wakili.

Mstari ule niliugusa, ndiyo. Watu wa mradi walikuwa wanakuja asubuhi kupokea kazi. Ripoti nzima kijani, wekundu mmoja. Wekundu mmoja, Basma! Wangeona huo tu. Wangeahirisha, wangetafuta ofisi nyengine, na mie nilishamuahidi kila mtu. Nikasema nauziba leo, nikifika Kizimkazi nitarekebisha huko huko. Kufika huko kukawa na hotuba, chakula, picha. Nikarudi, nikaitwa Dar. Ndivyo mambo yanavyokwenda kazini, utajifunza.

Sasa nisikilize. Mwezi ujao nakuja Unguja, nitapitisha marekebisho kimya kimya, hakuna atakayejua. Huyo Machano atapata zamu zake, watu wa pwani wana subira. Lakini ukianza kuandika barua huku na huko, ofisi itaharibikiwa jina, na Ami atauliza ni kazi gani hiyo binti yake anafanya. Kumbuka nani alikuombea ruhusa.

Jina lako liko kwenye dirisha, kama nilivyoahidi. Nilitimiza.

Kaka yako akupendae,
Hashil

*

Kizimkazi Mkunguni
20 Julai 2004

Basma,

Sijui nianze na salamu ipi.

Wiki iliyopita Katibu Bakar alimpigia kaka yako Dar. Kaiweka simu kwa sauti ili kamati yote isikie. Nilikuwapo, nilikuwa nawamiminia chai. Kaka yako akasema, "Fungueni dirisha la Kuhusu Programu." Wakafungua. "Someni." Wakasoma: Imejaribiwa na Basma Khalil. Akasema, "Mnaona? Mimi nimeandika, mwenzangu amejaribu. Ni binti wa kujifunza, bado mdogo. Kama kuna kilichopita, kimempita yeye. Msimlaumu sana."

Msimlaumu sana! Kwa sauti laini kama ya imamu.

Wazee wakanitazama mie, wanajua wewe ni shoga yangu. Jecha akasema, "Kumbe tumesomea Fatiha mchezo wa watoto wa kike."

Niliondoka na birika mkononi, nikaenda nayo mpaka nyumbani, mpaka leo hawajaidai.

Kamati inakaa Jumapili, tarehe mosi Agosti. Mwezi umetimia. Jina la baba ndilo la kwanza kwenye ajenda ya kutolewa. Nataka uniambie kitu kimoja tu: ulijua?

Z.

*

Mlandege
22 Julai 2004

Zuleikha,

Sikujua. Wallahi sikujua, na nilipojua nilimwandikia yeye kwanza badala ya kukuandikia wewe. Hilo ndilo langu. Nilitaka anipe sababu ya kuendelea kumwita Kaka.

Nakwambia sasa kila kitu. Vitufe viwili, jina moja la ndani. Ukimbonyeza baba yako, kompyuta inamuandika Jecha. Jecha huwahi pwani kabla ya wote, kitufe chake kinakuwa kijani tayari, ndiyo maana hukuona kitu mpaka ile Ijumaa. Mwitaji wangu alilijua kosa tangu mwanzo, akalipigia kelele. Hashil akamfunga mdomo, akamfundisha kumwita Jecha mara mbili. Ni kama ulivyokuwa ukiniitikia wewe darasani. Tofauti ni kwamba wewe uliniitikia ili nisiandikwe mtoro, na baba yako kaitikiwa ndo akaandikwa.

Barua yake ninayo. Amekiri kwa mkono wake, akaniambia ninyamaze, akanikumbusha nani aliniombea ruhusa. Wakati huo huo alikuwa ameshaniuza kwenu kwa simu. Unajua kinachonichoma? Jina langu pale dirishani. Nilidhani ni heshima. Kumbe aliliweka mbele yake kama mtu anayetanguliza mtoto kwenye njia yenye nyoka.

Sikiliza, kuna njia ya kuwaonyesha bila maneno mengi. Jumapili, kabla Jecha hajabonyezwa, skrini ikiwa nyeupe yote, mbele ya kamati mbonyeze baba yako kwanza. Tawakal ya Jecha ndiyo itakayowaka kijani. Hawatahitaji kuambiwa. Halafu wasomee barua hii, na ya Hashil nakutilia humu. Nisemee wewe, Zule. Mie siwezi kusimama mbele ya wanaume wale, unajua siwezi. Niitikie mara moja ya mwisho.

Na programu nimeshairekebisha, iko kwenye diski, Ahmada anayo. Baba yako atapata zamu yake siku hiyo hiyo.

Basma

*

Kizimkazi Mkunguni
25 Julai 2004

Basma,

Nakuamini. Nililia nikakuamini.

Lakini sisomi. Barua ya Hashil nairudisha humu humu, uje nayo mwenyewe. Mie ni binti wa mshtakiwa, nikisoma watasema nimeiandika mie. Na hata wasingesema. Nilikuitikia miaka minne, na angalia imekufikisha wapi: mtu anaweza kusema lolote kwa jina lako, na wewe umeinama.

Gari la kwanza la asubuhi litakufikisha kabla hawajakaa. Mama atakupikia.

Baba anasema usijisumbue kuja. Usimsikilize.

Zuleikha

*

Kizimkazi Mkunguni
9 Agosti 2004

Basma shoga yangu,

Ulipanda gari kwa haraka, hatukuagana vizuri. Ndo nakuandikia.

Mama bado anawasimulia majirani. Katibu Bakar alivyouliza, "Huyo Basma Khalil aliyejaribu hii programu, yupo?" kwa kejeli, akijua hayupo, na kutoka nyuma ya mlango ikaja "Naam." Haikuwa kubwa, sitakudanganya. Ilitetemeka kama ya mtu anayeoga maji ya baridi. Ila ilifika. Mie mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, mazoea, nikauziba kwa mkono.

Na lile la kitufe! Nilipombonyeza baba na Tawakal ya Jecha ikawaka, na Jecha mwenyewe kakaa pale hajaitwa, wazee wote waliinuka kuitazama skrini. Jecha kasema, "Basi mie nimekula zamu za Machano?" Kavua kofia. Alikuja nyumbani jioni, kakaa na baba barazani, wakanywa kahawa. Ulivyoisoma ile barua ya kaka yako sauti ilikupotea mara mbili, na mara zote mbili wazee walikusubiri. Kamati imefuta kutolewa kwa baba. Wamesema Tawakal ya Machano ilikuwapo kila siku ya mwezi ule, na hukumu hiyo waliisomea Fatiha nyengine.

Sasa nikwambie nililokuficha, kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu.

Hukukiona chombo cha baba pwani siku ile. Uliniuliza, nikakwambia kimevutwa pembeni kutiwa rangi. Si kweli. Baba alishakiuza. Mtu mmoja wa Nungwi alikuja tangu katikati ya Julai, baba alikuwa hana zamu, hana hata ya kununulia mafuta ya kwenda kuvua, akampa. Aliniambia, "Asiambiwe huyo mtoto wa mjini, atajihisi vibaya." Ndiyo maana alikuambia usijisumbue. Na ndiyo maana alikuwa kimya ulipokuwa ukisema, si hasira. Alikuwa anakuonea huruma.

Kwa nini nilikuita basi? Kwa sababu nilitaka waseme kwamba alikuwapo. Chombo kimekwenda, lakini si kwa uvivu wake.

Nimeiweka diski yako. Kitufe cha baba kinafanya kazi sasa. Nakibonyeza, kinageuka kijani vizuri kabisa, na huko pwani hakuna kitu.

Wako,
Zuleikha

*

Mlandege
14 Agosti 2004

Hashil Shamsi,

Assalaamu alaykum.

Funguo ya ofisi nimemkabidhi Ami Shamsi, pamoja na nakala ya barua yako. Baba pia ameisoma. Hakuuliza kazi gani nafanya. Aliuliza wewe kazi gani unafanya.

Mstari wangu nimeurudisha kama nilivyouandika. Jina langu dirishani liache, usiliondoe. Sasa ni la kweli.

Chombo cha Machano kimeuzwa. Ulisema watu wa pwani wana subira. Nimeona niliandike hapa ili usije ukasema hukuambiwa.

Basma Khalil

*

Mlandege
12 Septemba 2004

Zule,

Barua yako niliisoma juu ya dari, nikabaki huko mpaka mama akaniita mara nyingi, nikaitika. Sikukuandikia upesi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa msamaha, na msamaha haurudishi chombo.

Nimefanya hili. Majina ya ndani nimeyatoa yote. Niligundua kuwa hata *tawakal_machano* lingetufikisha pabaya siku moja: chombo kinabadilishwa jina, kinabadilishwa mwenyewe. Kila kitu chenye maana kwa watu, watu watakigeuza. Sasa kila chombo kina namba, haisemi lolote kuhusu yeyote, na ikishatolewa haitatolewa tena kwa mwengine, hata chombo kikizama. Ya baba yako ni kumi na nne: kitufe chake nimekitoa kwa kuwa chombo kimeuzwa, ila Mwitaji, ambaye sasa nimemtia kwenye mashine yenu, bado anaiita.

Ahmada kaniambia amekiona Nungwi. Wamekipaka rangi nyeupe, wamekipa jina la Kiingereza la kuwapendeza wageni. Anasema asingekijua, ila aliona kile kiraka karibu na usukani, alichokitia baba yako mwenyewe. Na ananiambia siku hizi baba yako anaziba nyufa za vyombo vya wenzake kwa kalafati, na Jecha ndiye wa kwanza kumpelekea chake. Mpe shikamoo yangu. Safari hii usimpe tu, mwambie nitakuja kumpa mwenyewe.

Jana Katibu Bakar alipiga simu. Ami Shamsi amenirudisha ofisini, kwa hiyo nilipokea mie. Alikuwa na heshima zake, "Basma binti Khalil, ripoti yetu haipendezi. Watu wa mradi wanakuja. Yote kijani, wekundu mmoja tu, hiyo namba kumi na nne. Hakuna chombo tena. Iondoe, au ielekeze kwengine, iitike basi."

Nikaisogeza simu karibu na mdomo. Nilitaka kulisikia vizuri neno nitakalolisema.

Nikamwambia, "Hapana, Katibu."

Basi kila asubuhi mkiwasha mashine, kabla ya nahodha yeyote kufika, Mwitaji anawaita wote kwa namba zao. Wanaitika. Akifika kumi na nne anaita, anangoja, kisha anaandika kwa wekundu, "Hayupo." Waache wageni waulize ni nini hicho. Wewe uko hapo, waeleze.

Na mtu yeyote asimuitikie.

Basma